SAFARI YA JINJA NA MBALE



Mara nyingi mwanafunzi wa shule yetu akisikia neno "ng'ambo", fikira zake huruka moja kwa moja mpaka London au Marekani, kana kwamba nchi za jirani hazina jambo la kumfunza mtu. Wahenga walisema, "Tembea uone." Hawakusema lazima utembee mbali. Kwa hiyo katika kurasa hizi za Kiswahili nataka kuwaeleza habari za safari niliyofanya katika likizo ya Desemba 2024, kutoka kwetu Mwanza mpaka Jinja na Mbale, katika Uganda ya mashariki.

Sikwenda peke yangu. Nilifuatana na mwenzangu wa bweni moja, kijana wa Kimaka katika mji wa Jinja, aliyekuja kusoma kwetu tangu kidato cha tano. Sitamtaja jina, kwa kuwa mwenyewe ameniomba hivyo, na ninyi mlioko shuleni mnamjua. Wanafunzi wa zamani mtaniwia radhi. Jambo moja tu nitasema juu yake: mgeni asiye na mwenyeji huona nyumba za watu, lakini mwenye mwenyeji huona watu waliomo. Yote mema mtakayosoma hapa niliyapata kwa sababu yake.

Tulipanda meli Mwanza jioni, tukalala juu ya maji, na asubuhi tukashuka Bukoba. Kutoka Bukoba tulishika njia ya basi kuelekea mpakani. Tulivuka mto Kagera kwenye daraja la Kyaka, ambalo wasomaji wa Historia wanalijua sana. Katika Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia katika nchi yetu, na mwezi uliofuata daraja la hapo lilivunjwa. Leo daraja ni zima, magari yanapita, na watoto wanavua samaki chini yake. Mwenzangu alilitazama daraja, nami nikalitazama, lakini hatukusema neno. Kisha tukafika Mutukula. Tukaonyesha hati zetu za kusafiria na kadi za chanjo ya homa ya manjano, na kabla sijakaa sawasawa kwenye kiti nikaambiwa kwamba nimekwisha kuingia Uganda. Nilitazama nje ya dirisha nione nini kimebadilika. Migomba ilikuwa ile ile, udongo mwekundu ule ule, ila maandishi ya dukani yalikuwa ya Kiganda na ya Kiingereza.

Njia ya kwenda Kampala inapita Masaka, mji ulioharibiwa vibaya na vita katika mwaka 1979 na ambao umejengwa tena. Baada ya Masaka tulifika Kayabwe, mahali ambapo mstari wa Ikweta unakata barabara. Wasafiri wengi hushuka hapo wapigwe picha, mguu mmoja upande wa kusini na mwingine upande wa kaskazini. Kampala sikukaa sana, basi sitajifanya mjuzi wake. Nitasema tu kwamba ni mji wa vilima, na kwamba katika kituo chao kikubwa magari madogo meupe, ambayo wao huyaita "taksi", yamesongamana kama dagaa kwenye kichanja. Mtu asiyejua hudhani hayatatoka kamwe. Lakini hutoka, moja moja, kila dereva akijua la kwake.

Kutoka Kampala mpaka Jinja ni kilomita 80 hivi. Huko Namawojjolo gari liliposimama, vijana wenye makoti ya kazi walituzunguka, wakiingiza mishikaki na kuku wa kuchoma dirishani, na ndizi za kuchoma ziitwazo gonja. Mwenzangu akajadiliana nao bei kwa Kiganda upesi upesi, nami nikala bila kujua tumelipa kiasi gani. Kisha tukapita mashamba ya miwa ya Lugazi, tukaingia msitu wa Mabira. Kwa muda mrefu hatukuona jua ila vipande vipande. Msitu ulipokwisha tuliendelea na safari, hata nikaona mbele yetu nguzo kubwa na kamba nyeupe za chuma zikipanda juu kama matanga. Lile ndilo daraja jipya la mto Nile, lenye urefu wa mita 525, lililofunguliwa tarehe 17 Oktoba 2018. Mwenzangu akanigusa bega, akasema, "Basi ndugu, hapa ndipo kwetu."

Sasa niwaeleze habari za Jinja. Jina hilo maana yake ni jiwe. Mimi ni mtu wa Mwanza, mji wa mawe, nikacheka niliposikia, kwa kuwa nilitoka kwenye mawe ya kusini nikafika kwenye jiwe la kaskazini. Tena kuna jambo jingine linalounganisha miji yetu miwili. Mwingereza John Hanning Speke aliliona ziwa letu kwa mara ya kwanza karibu na Mwanza tarehe 3 Agosti 1858, akalipa jina la malkia wake, Victoria. Akarudi kwao akidai kwamba hicho ndicho chanzo cha Nile, lakini wenzake wengi walimbishia. Hata tarehe 28 Julai 1862 akafika hapo Jinja, akaona kwa macho yake maji yakitoka ziwani na kuanguka kwenye mawe. Bila shaka wenyeji walikuwa wakiyatazama maji hayo kila siku, wakivua samaki hapo, wala hawakuhitaji kuambiwa na mtu kwamba mto unatoka ziwani.

Maporomoko aliyoyaona Speke hayapo tena. Yalifunikwa na maji bwawa la Owen Falls lilipojengwa. Malkia Elizabeth wa Pili alilifungua bwawa hilo tarehe 29 Aprili 1954, na leo huitwa Nalubaale, jina ambalo Waganda huliita ziwa lenyewe. Umeme wake ndio ulioufanya Jinja kuwa mji wa viwanda: viwanda vya nguo, vya chuma, na vinginevyo. Ng'ambo ya mji, njia ya mashariki, kuna Kakira, mashamba makubwa ya miwa ya jamaa ya Madhvani, ambayo kiwanda chake cha sukari kilianza mwaka 1930. Katika barabara kuu ya mjini nyumba nyingi zilijengwa na Wahindi, nazo zina baraza pana, na juu ya ukuta yameandikwa majina ya waliozijenga na miaka yake. Katika Agosti 1972 Amin aliwapa Waasia siku 90 tu waondoke nchini. Wengine walirudi miaka mingi baadaye wakarudishiwa mali zao, wengine hawakurudi. Tulipopita hapo mwenzangu alinisomea majina ya kuta zile moja moja, kama mwalimu aitaye daftari la mahudhurio, nami nikawa natazama ni nani yupo na ni nani hayupo.

Karibu na chanzo cha mto kuna sanamu ya Mahatma Gandhi, kwa maana sehemu ya majivu yake ilimwagwa hapo katika mwaka 1948. Tulikodi mtumbwi wa mashine, tukaenda mpaka mahali maji yanapochemka kutoka chini. Mwenye mtumbwi alituambia kwamba maji yale huchukua miezi mitatu kufika bahari ya Misri. Nikatia mkono wangu majini. Nilifikiri jinsi maji yanayolamba mawe ya Mwanza mwishowe yanavyoweza kutoka kwa mlango huu mmoja, yakapita Sudan na Misri bila hati yoyote.

Siku ya pili tulikwenda kutazama bwawa. Kupiga picha hapo ni marufuku, na askari wanalinda, kwa hiyo tulisimama mbali kidogo tukasikiliza ngurumo ya maji. Hapo nikamwambia mwenzangu jambo ambalo sikuwa nimemwambia katika mwaka mzima na nusu tuliokaa bweni moja. Babu yangu mzaa mama alikuwa askari wetu katika vita vya 1979. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili mwaka ule, na kabla ya mwezi kwisha majeshi ya Tanzania yaliingia Jinja. Babu alikuwamo. Yeye si mtu wa kusimulia vita. Tangu utoto wangu nimemsikia akisema maneno mawili matatu tu: kwamba alivuka mto alfajiri juu ya bwawa, kwamba aliogopa litalipuliwa naye yuko katikati, na kwamba halikulipuliwa. Lakini nilipokwenda kumwaga kabla ya safari hii aliniita kando, akaniambia, "Mjukuu wangu, ukifika Jinja, sikiliza kama watu wa huko wanatukumbuka kwa wema. Usiulize. Sikiliza tu."

Mwenzangu alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Nyumbani kwetu yuko bibi yangu. Usimwambie habari hiyo kwanza." Nikamwuliza sababu. Akanijibu, "Utaona."

Nyumba yao iko Kimaka, kaskazini ya mji, si mbali na kiwanja kidogo cha ndege. Huko Kimaka pia kuna chuo kikubwa cha kijeshi ambako maofisa husoma. Ni mahali pa miembe na mafenesi, na kati ya nyumba za matofali kuna viunga vya migomba. Tulipofika jioni ile ya kwanza, mama yake na dada zake walipiga magoti kutusalimu, kama ilivyo desturi ya Wasoga, nami nikaona haya, kwa kuwa kwetu mimi ndiye ningetoa shikamoo. Wakaniambia "Kodheyo," nikajibu kama nilivyofunzwa njiani, wakafurahi sana. Mwisho tukafika kwa bibi, ambaye wao humwita Jjajja. Alikuwa ameketi juu ya mkeka, akichambua maharage. Nikainama kwa heshima, nikamwambia kwa sauti safi, "Shikamoo, Bibi. Habari za hapa?"

Mikono yake ikasimama. Alinitazama viatu, akanitazama uso, kisha akamgeukia mjukuu wake, akamwuliza jambo kwa Kisoga. Yeye akamjibu akicheka, lakini bibi hakucheka. Aliniitikia kwa kichwa, akaendelea na maharage yake. Usiku ule aliletewa chakula chumbani.

Tulipolala mwenzangu alinieleza. Katika sehemu nyingi za Uganda, alisema, watu wa umri wa Jjajja hawakukijua Kiswahili kwa shairi wala kwa mwalimu wala kwa redio, bali kwa askari. Kiswahili kilikuwa sauti inayogonga mlango usiku. Ni kweli kwamba mwaka 1973 Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa, lakini tangazo halimfanyi mtu apende. Tangu mwaka 2005 Katiba ya Uganda imekitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 serikali iliamua kifundishwe kwa lazima katika shule. Mwenzangu mwenyewe alikuja kwetu ili akijue vizuri. "Siku niliyomwambia Jjajja kwamba nakwenda kusoma Tanzania," akasema, "aliniuliza kama nataka kuwa askari."

Ndugu wasomaji, mimi nimekulia katika Kiswahili kama samaki katika maji. Nilikisikia kwa mama kabla ya kuota meno. Nakiri kwamba usingizi ulinikataa. Nikafikiri: je, mtu anaweza kuwa na lugha moja tamu kinywani, ambayo ni chungu katika sikio la mwingine, na wote wawili wakawa na haki? Alfajiri nilipoanza kusinzia nikasikia kwa mbali wanaume wengi wakikimbia kwa hatua moja, wakiimba kwa Kiswahili. Kwa dakika moja nilidhani nipo nyumbani. Kisha nikakumbuka kwamba jeshi la Uganda hutumia lugha hiyo, na kwamba niko Kimaka. Nikageuka nikatazama ukuta wa chumba cha Jjajja.

Siku zilizofuata tulitembea sana. Jirani na Kimaka kuna Mpumudde, ambako alifariki Kabalega, mfalme wa Bunyoro, mwezi wa Aprili 1923. Waingereza walimkamata mwaka 1899 wakampeleka Shelisheli, na alipofunguliwa alifia njiani kabla ya kuiona tena nchi yake. Neno "mpumudde" maana yake ni "nimepumzika". Sikuhitaji kutafsiriwa, maana ndani yake nilisikia neno letu "pumua". Tangu hapo tukaanza mchezo wa kutafuta maneno yaliyo ndugu. Omuntu ni mtu, omwana ni mwana, amaadhi ni maji. Sokoni tukakuta ndugu wasiofanana majina ingawa ni mmoja: dagaa wetu huko ni mukene, sato ni ngege, na sangara ni mputa. Muuza samaki mmoja alibisha kabisa kwamba mputa anaweza kuitwa sangara. Alisema samaki wake hajapata kusafiri.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu nilipewa jembe kweli, tukaenda shambani kwa Jjajja kuchimba viazi vitamu. Mimi kwetu nimezoea kulima, basi sikuaibika. Jjajja alisimama kwenye kivuli akatazama jinsi ninavyochimba bila kukata viazi, akasema jambo. Mwenzangu akanitafsiria: "Anasema mikono yako si ya askari." Nikaona kwamba saa imefika. Nikamwambia mwenzangu, "Mwambie habari za babu yangu." Akasita. Nikamwambia tena, "Mwambie. Ninakula viazi vyake, haifai nimfiche." Akaweka jembe chini, akamwambia kwa maneno machache. Nilijua amefika kwenye jambo lenyewe niliposikia neno "Tanzania".

Jjajja aliketi juu ya matuta. Alikaa kimya kwa muda ambao mtu angeweza kujaza kikapu. Kisha akaanza kusema, polepole, na mwenzangu akafuata nyuma yake kwa Kiswahili. Alisema kwamba alikuwa mke kijana, hana mtoto bado. Usiku mmoja walikuja askari wakisema Kiswahili, wakamchukua kaka yake, wakachukua na baisikeli yake. Kaka hakurudi. Hakusema ni askari wa nani, na sisi hatukumwuliza. Baada ya siku nyingi, mizinga ilipokwisha kulia, wakaja askari wengine, kwa miguu, wamejaa vumbi. Nao pia walisema Kiswahili. Yeye na mama mkwe wake walikuwa wamejificha migombani, wakajua kwamba sasa wamekwisha. Lakini mmoja wa wale askari alisimama mbali, akaonyesha kinywa chake, akasema, "Maji, mama. Maji." Jjajja akalisikia neno hilo, akalifahamu, kwa kuwa lafanana na neno lake, amaadhi. Akatoka na kibuyu. Yule askari akanywa, akawapa wenzake, akakirudisha kibuyu kwa mikono miwili.

"Wale wa kwanza hawakuomba," akasema Jjajja. "Wa pili waliomba. Lakini lugha ilikuwa moja, nami mpaka leo nikiisikia, mwili wangu haujui ni wepi waliokuja."

Akaniuliza kama babu yangu yu hai. Nikamwambia yu hai, anafuga mbuzi, na mguu wake mmoja humwuma wakati wa mvua. Akauliza kama huenda yeye ndiye aliyekunywa maji. Nilitaka sana kusema ndiyo. Nikamjibu kwamba sijui, kwamba askari walikuwa wengi. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeridhika na jibu, akasema, "Askari ni watu. Yuko aombaye, yuko achukuaye." Kisha akainuka akachukua kikapu, na njiani kurudi nyumbani akaniita "mwana wange". Neno hilo pia halihitaji mkalimani. Jioni ile alikula pamoja nasi mezani, ndizi na viazi kwa mchuzi wa karanga, wala hakuletewa chakula chumbani tena.

Baada ya juma moja tulikwenda Mbale kwa mjomba wa mwenzangu, maana mama yake ni Mgisu. Njia inapita Iganga, kisha huingia barabara ya Tirinyi. Nchi hapo ni tambarare. Tulivuka vinamasi vya mto Mpologoma, ambao jina lake maana yake ni simba, lakini simba huyo amelala, amefunikwa na mafunjo, na pembeni watu wanalima mpunga. Baisikeli zilibeba magunia, na wakati mwingine mke na mtoto na kuku pamoja. Mwenzangu alinikumbusha kwamba neno "bodaboda" lilizaliwa upande huu wa mashariki, mpakani na Kenya, ambako zamani watu wa baisikeli walivusha abiria kutoka mpaka mmoja mpaka mwingine. Leo bodaboda ni pikipiki, na jina limefika mpaka Mwanza.

Mbale tuliuona mlima kabla ya kuuona mji. Ukuta mrefu wa Wanale umesimama nyuma ya mji, na maji yanaanguka kutoka juu yake kama nyuzi nyeupe. Nyuma zaidi ni mlima Elgon wenyewe, ambao kilele chake, Wagagai, kina mita 4,321. Huko juu Wagisu hulima kahawa nzuri, na chama chao cha ushirika, Bugisu, kilianzishwa mwaka 1954. Mjomba alitupokea kwa neno "Mulembe", yaani amani, akatulisha malewa. Malewa ni machipukizi ya mianzi, hukaushwa kwa moshi, kisha hupikwa na karanga. Mara ya kwanza ulimi hushangaa. Mara ya pili unaomba sahani.

Mwaka 2024 ulikuwa mwaka wa imbalu, yaani tohara ya Wagisu, ambayo hufanywa kila mwaka unaogawika kwa mbili na hufunguliwa mwezi wa Agosti katika uwanja wa Mutoto, karibu na mji. Tulikuwa tumechelewa, lakini mjomba alitueleza jinsi kijana anavyopakwa unga, akacheza ngoma ya kadodi siku nyingi kuwaalika jamaa, na mwisho akasimama wima mbele ya watu wote bila kupepesa jicho. Akanitazama, akauliza kama nimekwisha kusimama. Nikamwambia mimi nilisimamia hospitali. Wazee waliokuwapo wakacheka mpaka wakakohoa.

Ajabu ni hii: katika soko la Mbale Kiswahili changu hakikumtisha mtu. Kenya iko karibu, na wachuuzi wanakitumia kama wanavyotumia mizani. Muuza nyanya mmoja aliniambia Kiswahili changu ni kizito, kama cha mtu anayesoma habari redioni, akanipunguzia bei kwa ajili ya hicho. Nikatambua kwamba kutoka Kimaka mpaka Mbale si hata safari ya siku moja, lakini lugha ile ile imevaa nguo nyingine kabisa. Huko ni ya kambi, huku ni ya soko.

Mjomba alitupeleka pia kwenye mto Nabuyonga, unaokata mji. Usiku wa kuamkia Julai 31, 2022, mvua kubwa ilinyesha milimani, Nabuyonga na Namatala ikafurika, na watu zaidi ya 20 wakafa. Siku tuliyouona sisi ulikuwa mto mdogo, mtu angeweza kuuruka. Mjomba alituonyesha ukutani alama ya maji, juu ya kichwa changu. Akasema chanzo ni miti iliyokatwa kule juu na nyumba zilizojengwa kandokando ya maji. Yeye amepanda mianzi na miti ya kivuli katika kahawa yake. "Mlima hausahau," akatuambia.

Tulirudi Kimaka kuaga. Jjajja alinifungia karanga katika kitambaa, nusu yangu na nusu ya babu. Hakutuma neno lolote pamoja nazo. Nilipofika kwa babu nilimweleza yote kama nilivyoyasikia, askari wa kwanza na wa pili, bila kuongeza wala kupunguza, kwa maana aliniagiza nisikilize, hakuniagiza nimfurahishe. Alizibandua karanga zile moja moja. Aliniuliza jambo moja tu: yule kaka aliitwa nani? Sikujua. Nimemwandikia mwenzangu amwulize Jjajja, naye amejibu kwamba jina hilo Jjajja atalitaja mwenyewe, kama babu akienda.

Basi wasomaji, katika safari hii nimeona mambo matatu. La kwanza, nchi ya jirani ni darasa kubwa kuliko ramani yake. La pili, urafiki wa shule haukomi kwenye kengele ya mwisho. Mwenzangu angeweza kuyatafsiri maneno yale magumu kwa ulaini, nami nisingejua, lakini alinipa kama yalivyo, na hiyo ndiyo heshima. La tatu ni juu ya Kiswahili chetu. Tunapenda kukisifu kwamba kimeenea na kwamba kinaunganisha watu, na ni kweli. Lakini lugha hutembea kwa miguu ya wale wanaoisema. Ikienda na bunduki, itakumbukwa kama bunduki. Ikienda na mizani, kama mizani. Sisi tunaotoka shuleni mwaka huu tutaipeleka mahali pengi, na kila mmoja wetu atakuwa wa kwanza kusikiwa na mtu fulani. Tuhakikishe kwamba neno la kwanza atakalosikia kwetu ni neno la kuomba, wala si la kuamuru.

Nawatakia ninyi mnaobaki masomo mema, nanyi mliotutangulia kazi njema. Mwenye nafasi na aende Jinja. Mto haumfukuzi mtu.